Sehemu Iliyochakaa ya Kompyuta ya Arden Kvamme

Arden Kvamme hakuwa na mfuko wa nyongo, hakuwa na nywele za utosini, wala hakuwa na simu ya kutoka nayo nje ya nyumba. Hakuwa na subira kwa madaktari na mbwa wadogo. Sikio la kushoto alikuwa nalo, lakini halikuwa likifanya kazi yoyote. Na tangu azaliwe, katika mji wa Nordby, Minnesota, hakuwahi kuwa na "hapana" iliyofika mara ya tatu.

Hilo la mwisho halikuwa kosa lake. Nordby mtu akikaribishwa kahawa hukataa. Akikaribishwa tena hukataa, ila kwa sauti ya chini kidogo. Mara ya tatu husema, "Haya basi, kama si usumbufu," na mwenye nyumba, ambaye alikwisha kumimina tangu mara ya kwanza, humsogezea kikombe. Anayekubali mara ya kwanza ni mtu wa Chicago. Anayekataa mara ya tatu amekasirika, na kanisani watu humuuliza mkewe kuna nini.

Alichokuwa nacho ni kompyuta. Ilikaa jikoni, juu ya meza ya cherehani ya mkewe Marlys. Ilinunuliwa mwaka ambao binti yao Jodene aliolewa, na ilikuwa imeishi muda mrefu kuliko ndoa hiyo. Kila asubuhi Arden aliiwasha, akatoka kuzoa theluji kwa koleo, akarudi, akavua buti, akala mayai, na kioo kilikuwa bado cheusi. Feni yake ilikoroma kama mjomba aliyeshiba Krismasi. Ndani yake mlikuwa na picha za samaki aliowavua, nyimbo za kwaya za sauti ya besi, na barua alizoliandikia gazeti la wilaya kuhusu chumvi inayomwagwa barabarani.

Majani yalipoanza kupukutika, kampuni iliyotengeneza programu zake ilitangaza kwamba haitazihudumia tena mashine za umri huo. Ndipo mjadala ukaanza.

"Tupa, baba," alisema Jodene kwa simu kutoka Fargo. "Nunua mpya. Hiyo ni maiti ambayo haijaambiwa."

"Usimsikilize," alisema Lyle Brekke, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyekuja kuazima ngazi na kubaki kwa ajili ya kahawa aliyokwisha kuikataa mara mbili. "Iongezee kumbukumbu, ibadilishe diski, itakuzika. Watu wa siku hizi, kitu kikikohoa tu wanakimbilia jalalani."

"Lyle, wewe una trekta inayowaka kwa nyundo," alisema Marlys.

"Na inawaka."

"Inawaka kwa kuwa unaipiga. Hata mimi ukinipiga nitawaka."

Arden alisema atafikiria, akafikiria majuma kadhaa. Mwishowe Jodene akamwambia kwamba kampuni ile ina programu ya kupima, isiyolipiwa, itakayosema wazi kama ni kuboresha au kubadilisha. Arden akaiendesha Jumanne moja baada ya chakula cha mchana. Programu ikapima kwa muda mrefu. Kumbukumbu, ikasema, inatosha. Diski ni nzima. Feni ina vumbi tu. Kisha, chini kabisa, kwa herufi nyekundu: *Sehemu iliyochakaa ni mtumiaji. Kuiboresha hakufai. Je, tumbadilishe?*

Arden aliyasoma maneno hayo mara mbili na akayaelewa. Aliona hayana adabu sana, lakini kuulizwa ni kuulizwa. Akabonyeza Hapana.

*Una hakika? Tunaleta hadi mlangoni.*

Akabonyeza Hapana, polepole zaidi.

*Tunauliza tena. Tumbadilishe?*

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mama yake alikuwa kaburini miaka mingi, lakini malezi yake hayakuzikwa naye.

"Haya basi," Arden aliiambia mashine, "kama si usumbufu." Akabonyeza Ndiyo.

Sanduku liliwasili Ijumaa, kubwa kama friji. Marlys alitia sahihi. Ndani mlikuwa na Arden Kvamme. Alivaa shati lile lile la mirabamiraba, lakini vifungo vyote vilikuwepo. Akatoka, akanyoosha mgongo bila kuguna, akauliza mashine iko wapi.

"Pangusa miguu kwanza," alisema Marlys.

Akapangusa. Marlys aligundua kwamba hakulazimika kurudia.

Arden mpya akaketi penye kompyuta, nayo ikawaka kabla hajatulia kitini. Lyle, aliyekuwa akiona yote kutoka kwake, akavuka barabara.

"Nilisema mimi," alisema. "Mashine haikuwa na neno."

"Ulisema," alikubali Arden wa zamani. Alikuwa amesimama kando ya friji, buti mkononi.

Jioni Marlys alipakua viazi vilivyookwa juu ya nyama ya kusaga. Viti vilikuwa vitatu: cha Marlys, cha mgeni, ambacho Lyle alikuwa ameshakikalia baada ya kukaribishwa inavyostahili, na cha dirishani. Cha dirishani Arden alikikalia tangu alipooa. Arden mpya alikuwa amekishika mgongo. Akageuka.

"Mzee, kaa wewe."

"Hapana, hapana. Kaa tu."

"Kaa, bwana."

"Aa, niko sawa hivi hivi," alisema Arden wa zamani, kwa sauti ya chini kidogo.

Arden mpya akakaa, akajipakulia viazi.

Kijiko cha Marlys kilisimama hewani. Lyle alitazama dari. Wote walikuwa wakingoja mara ya tatu, na mara ya tatu haikuja. Huko alikotengenezwa walimpa masikio mawili yanayosikia, magoti mapya na sauti ya besi, lakini yaelekea hawakuwa wameajiri mtu wa Nordby hata mmoja. Marlys angeweza kusema neno. Ila kiti hakikuwa chake hata amkaribishe mtu, na chakula kilikuwa kinapoa.

Arden wa zamani akala wima, kando ya sinki. Alipomaliza akaosha vyombo, akahamia chumba cha chini ya nyumba, penye friza, mapambo ya Krismasi na kompyuta tatu zilizomtangulia.

Mji ulizoea upesi. Kanisani Arden mpya aliimba noti ya chini kabisa ambayo kwaya ilikuwa imeiacha miaka mingi, na mwalimu wa kwaya akasema "si mbaya," sifa ambayo Nordby huyawekea mazishi yaliyofana. Arden wa zamani alikaa benchi la nyuma, karibu na makoti. Watu walimsalimu vizuri. Walimuuliza anapumzikaje.

Jodene alikuja kwa sikukuu ya Shukrani. Akawabusu wote wawili, akavua koti, akamuuliza mama yake, "Hivi mmefikiria kumboresha huyu wa zamani?"

Baba yake alikuwa anamenya viazi hapo hapo.

"Nimefikiria," alisema Marlys. "Sikio, magoti, meno ya juu. Ukijumlisha yote..."

"Mpya ni nafuu."

"Na ndiye huyu, ameshafika."

"Baba, usilichukulie vibaya."

"Silichukulii," alisema Arden, akachokoa jicho la kiazi kwa ncha ya kisu.

"Kipya kinyemi, jirani," Lyle alimfariji, wakiwa wawili nje. "Ngoja theluji ya Februari. Itamnyoosha."

Theluji ya Februari haikumnyoosha. Arden mpya aliizoa yote, akavuka barabara, akazoa na ya Lyle. Tangu siku hiyo Lyle hakusema tena habari ya kinyemi.

Mwezi Machi kampuni ikatuma barua kwa mtumiaji wa zamani. Muda wa majaribio ulikuwa unakwisha. Akitaka, watakuja kumchukua yule mpya, na kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa. Ajibu ndiyo au hapana. Bahasha yenye stempu imo ndani. Wasipopata ndiyo kabla ya mwisho wa mwezi, mabadiliko yatakuwa ya kudumu.

Marlys aliishusha barua chini mwenyewe. Mara nyingine zote aliteremka kwa sababu ya friza.

"Anakubali kahawa mara ya kwanza, Arden," alisema, akikaa juu ya sanduku la mapambo. "Mara ya kwanza! Sijamaliza hata kusema kahawa. Kama mtu wa Chicago."

"Nasikia. Sakafu ni nyembamba."

"Kiti chako kipo pale pale."

"Najua kilipo."

"Basi waandikie, mume wangu."

Mumewe akapanda jikoni. Arden mpya akampisha kwenye meza ya cherehani, na safari hii Arden wa zamani akakaa kabla hajakaribishwa, kwani kuandika ni kazi. Aliishika kalamu kwa muda. Alijua anachotaka. Alitaka kiti, dirisha, na Marlys upande wa pili wa meza akimrudia maneno kwa kelele. Lakini watu walikuwa wameuliza mara moja tu, tena watu asiowajua. Mtu mzima hawezi kurukia jambo kama mtoto wa mbwa. Akaandika:

*Waheshimiwa, asanteni kwa kuuliza. Hapana, msijisumbue. Barabara za huku ni mbaya msimu huu. Wenu, Arden Kvamme (wa zamani).*

Marlys aliisoma juu ya bega lake, akaitikia kwa kichwa. Yeye pia alizaliwa Nordby.

"Ni barua nzuri," alisema.

"Watauliza tena."

"Lazima waulize. Ila ya pili usiikaze sana."

"Ya pili nitaiandika kwa mwandiko mdogo."

Arden mpya, aliyekuwa amesimama bila kazi, akaichukua bahasha, akailamba mara moja, akaifunga na kuikandamiza kwa ngumi. Akavaa buti, akatoka hadi sanduku la posta la kando ya barabara, akaitumbukiza, akainua kibendera chekundu cha kumjulisha mtu wa posta kwamba kuna barua. Ng'ambo, Lyle akampungia mkono, naye akapunga. Nyuma ya dirisha la jikoni Arden wa zamani pia aliinua wake. Kisha gari la posta likaja, likaichukua barua, likashusha kibendera, likaenda zake.