Fungu la Mawaridi

Tangu mama yake azikwe, Redio hakuwa ametaka kitu. Ukimpa chakula anakula, ukimsahau halalamiki. Asubuhi anakwenda sokoni kusimama nyuma ya meza ya mboga aliyoachiwa na marehemu, jioni anarudi. Jina la Redio alibandikwa utotoni kwa mzaha, maana maneno kwake yalikuwa ya kuvuta kwa kamba. Siku hizi hata waliombandika hawalicheki.

Ndiyo maana kaka yake alishangaa kusikia kwamba ameingia mwenyewe kwenye duka la maua akaomba kazi. Mwenye duka, mama mmoja mkavu, alimpa ndoo ya maua yaliyobaki.

"Kapange nyumbani, uniletee kesho. Yakinipendeza, unaanza. Yasiponipendeza, usinisumbue tena."

Alasiri hiyo Redio akaketi sakafuni jikoni, ndoo mbele yake, jagi la plastiki pembeni. Mlikuwa na mawaridi, alizeti chache na majani marefu. Hakujua aanzie wapi, basi mikono ikaanza yenyewe. Ikakusanya mashina, ikayagonga sakafuni yalingane, ikayakata kwa kisu mara moja. Mawaridi yaliyolegea ikayaficha katikati, mazima yakakaa nje. Ikafunga kamba, ikalitia fungu ndani ya jagi, ikanyunyiza maji.

Wifi yake, mke wa kaka, akaingia na beseni la nguo zilizofuliwa. Akasimama mlangoni.

"Wifi, hilo fungu bei gani?"

Redio akainua macho.

"Nauliza kweli. Ukinipa na nyongeza, nachukua mawili."

Redio akalitazama. Vichwa vya maua vilichungulia mdomoni mwa jagi, vimebanana kama abiria waliochelewa. Hivyo ndivyo mama alivyomfundisha kufunga mboga: mabovu ndani, mazuri nje, na mkono wa mteja usifike katikati. Alidhani sasa atalia. Akangoja, kama mtu anayengoja chafya. Chafya haikuja.

Wifi akatua beseni, akachuchumaa. "Usinune, mwenzangu. Mama angekuwepo angecheka mpaka ashike mbavu."

"Najua."

"Basi fungua uanze upya."

"Nimeshayakata. Yote mafupi."

"Kwani lazima jagi?" Wifi akapapasa chini ya meza, akatoa sufuria dogo lililovunjika mpini. "Hili mimi nimeshalichoka."

Redio akafungua kamba. Akaweka alizeti, akaweka majani, akabaki na yale mawaridi ya kuficha. Akaliweka moja ukingoni. Likainama, shavu likalala juu ya bati. Mkono ukataka kulisukuma ndani. Akauondoa mkono, akaukalia. Wifi alipomaliza kuanika nguo nje, mawaridi yote yaliyolegea yalikuwa yamepata pahali ukingoni, na katikati kulikuwa na uwazi ambao Redio hakuujaza.

"Sasa hapo sijui niseme nini," alisema wifi. "Ila si mboga."

Asubuhi mwenye duka alilizungusha sufuria juu ya kaunta, polepole. Kazi hiyo ndiyo kitu pekee Redio alichokuwa amekiomba, na kilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

"Haya yaliyoinama, kwa nini umeyaweka nje?"

"Yalikuwa katikati. Nikayatoa."

"Nauliza kwa nini."

Redio alitafuta jibu, akapata dogo. "Yalikuwa yamebanwa."

Mwenye duka akaguna. "Mashina umeyakata kama mchinjaji. Hilo utaliacha." Akamsukumia aproni. "Ndoo za kuosha ziko nyuma."

Redio aliosha ndoo. Karibu na mchana akakumbuka kwamba leo meza ya mama haina mtu. Mboga hazikushushwa, turubai halikufunuliwa. Akasimama na brashi mkononi, akijichunguza kama mtu anayebonyeza pengo la jino lililong'olewa. Hakusikia kitu. Lakini kulikuwa na ndoo nyingine, na hiyo alitaka kuiosha. Akaivuta.