Mke wa Fundi wa Miti Midogo

Jumamosi saa kumi alasiri, nesi alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akiwa amekumbatia chungu chenye mtini wa miaka sita, usiozidi kimo cha goti. Fundi wa miti midogo, aliyeipogoa na kuifunga waya miti ya vyungu isirefuke, aliupokea, akauzungusha mezani taratibu kama kinyozi anayekagua kichwa cha mteja.

"Huku ndiko mbele," alisema. "Haya, tawi hili tulilaze."

Alimwonyesha namna ya kuviringisha waya kwenye tawi kuanzia shinani, kwa mshazari, bila kubana wala kulegeza. Nesi alilipinda tawi kwa vidole gumba viwili, akitega sikio. Likilia, unaacha.

Mke wa fundi, ambaye jengo zima lilimwita Bi Mkubwa, alikuwa amesimama juu ya meza, mwishoni. Urefu wake ulilingana na chupa ya chai. Aliinama akamsukumia nesi kikombe kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Sukari jitilie, kijiko kinanishinda."

Fundi alipotoka kumwagilia miti kibarazani, nesi alitoa utepe wake wa kupimia, akampima Bi Mkubwa. Sentimita thelathini na nne.

Bi Mkubwa alieleza bila kinyongo. Zamani alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu kumzidi mumewe. Alipopewa ualimu mkuu, mumewe alisema wangoje kwanza, na mwezi huo sketi zake zikaanza kuburuzika chini. Alipotaka kwenda kumwona dada yake, waliambiana tena wangoje.

"Hajawahi kunifokea," alisema. "Anapunguza tu."

Nesi alimfuata fundi kibarazani. "Mzee, mkeo anazidi kuwa mfupi."

"Lakini umeuona uwiano wake?" fundi alijibu kwa fahari. "Hakuna kilichozidi."

Jioni hiyo nesi alimuuliza Bi Mkubwa kama angependa kutoka kidogo, naye akakubali. Alimbeba kwenye kikapu. Nyumbani kwa nesi alilala kwenye droo ya kabati, na mchana aliwafundisha watoto wa jirani sehemu na desimali, akitembea juu ya daftari zao na kukanyaga penye makosa. Alicheka sana siku hizo. Kwa wiki tatu aliongezeka sentimita nne, na viatu vikambana.

Wiki ya nne fundi alibisha hodi. Hakugomba. Alisema chai imekosa ladha na presha imempanda.

"Huyu dawa zake hajui hata rangi," Bi Mkubwa alimwambia nesi, kisha akaingia mwenyewe kwenye mfuko wa koti la mumewe.

Nesi hakumzuia. Alibaki mlangoni mpaka vishindo vilipokwisha kwenye ngazi.

Jumamosi iliyofuata alirudi na mtini wake, maana mjini hapakuwa na fundi mwingine. Bi Mkubwa alikuwa na sentimita thelathini na tatu.

Kwenye maonyesho ya mwaka ya miti midogo, mtini wa nesi ulishika nafasi ya tano. Bi Mkubwa alikaa kwenye meza ya mumewe, katikati ya miti miwili, amevaa gauni la kijani. Jaji aliinama akarekebisha miwani.

"Huyu ana umri gani?" alimuuliza fundi.

"Sitini na moja," Bi Mkubwa alijibu mwenyewe.

Jaji akaandika, akampa fundi mkono, akampongeza kwa subira yake, na kuhamia meza ya pili.