Watani Wetu Wameposwa na Ligi ya Pwani

Usiku wa jana niliota watani wetu wameposwa. Watani ni Chuo cha Kilimo Kilandi, ng'ambo ya reli. Sisi ni Chuo cha Ualimu Makweta, na kocha ni mimi, Mwalimu Chilewa. Hatuna ligi, wao hawana ligi. Timu huru mbili, tunacheza mara moja kwa mwaka na kutukanana muda wote uliobaki. Wiki iliyopita tukasikia kwamba Kilandi wanachukuliwa na Ligi ya Pwani, na mechi yetu ndiyo basi tena. Ndiyo nikalala nimenuna.

Katika ndoto, mshenga alikuwa runinga. Runinga ya ukutani kabisa, imevaa kanzu na koti, imeketi mkekani mbele ya Kocha Ndahani wa Kilandi.

"Tumeona ua katika bustani yenu," ikasema, "tumekuja kulichuma."

"Pwani gani?" nikadakia. "Hapa bara! Mto wenyewe hapa haujui chumvi!"

"Sheria inasema timu ya Ligi ya Pwani iwe na pwani," runinga ikajibu. "Hilo tumelishughulikia."

Nageuka, naona bahari inaletwa kwa madumu. Wajumbe wa ligi wanaimimina nyuma ya goli la kusini. Kaa mmoja anatoka majini, anampa kipa mkono, anauliza choo kiko wapi.

"Ndahani," nikasema, "unaniacha na nani?"

"Nenda Ligi ya Kumi, mtani. Labda watakuhurumia."

Sikutembea, nilifika tu. Ligi ya Kumi inaishi chumba kimoja na timu kumi na nane. Makipa wamelala kabatini. Nikauliza mbona wengi hivi, mlango ukanijibu kwa ukali, "Watoto wa mwenzio hawahesabiwi." Kisha ukajifunga.

Filimbi ikalia. Kumbe niko uwanjani kwetu, na filimbi inasoma sheria kwa sauti ya mkaguzi wa elimu: timu huru isiyo na mpinzani itacheza na yenyewe.

Tukacheza. Beki wangu wa kulia anajikaba, anajilalamikia, anajionyesha kadi. Kipa anapiga penalti halafu anakimbia kuidaka, anachelewa. Tumefungwa tatu bila. Nikatafuta wa kumzomea, hakuna. Upande wa pili wa uwanja, pale wanaposimamaga wale mabwana shamba na vuvuzela zao mbovu, pametulia. Iliniuma, nisiseme uongo. Sikuwahi kujua kwamba nawapenda wapumbavu wale.

Mara uwanja ukawa wa Kilandi, na umejaa waombolezaji. Kabla ya harusi, uhuru wa timu lazima uzikwe. Wamechimba kaburi katikati ya duara la kati. Mpira mkuukuu, uliopasuka mshono, unasoma wasifu wa marehemu: "Alikuwa huru. Hakuwa na kombe. Alipenda kucheza na Makweta, ingawa Makweta hawajui mpira."

Hapo damu ikanichemka. Mimi ni mtani, na mtani ana haki zake msibani. Nikaingia kaburini, nikalala chali, nikakunja mikono kifuani.

"Fukieni!" runinga ikaamuru. "Tunarushwa moja kwa moja!"

"Thubutu," mpira ukasema. "Mtani akilala kaburini hafukiwi. Hubembelezwa."

Waombolezaji wakaweka majembe chini. Runinga ikaanza kuwakawaka.

"Haya, unataka nini?" ikaniuliza.

"Jumamosi moja. Kila mwaka."

"Ratiba imejaa."

"Basi na kaburi limejaa."

Ndahani akachungulia. Machozi yanamtoka, kamasi pia. "Toka humo, mjinga wewe, unaniharibia nyasi."

"Sitoki. Sema tutacheza."

Akafungua kinywa. Nikaamka.

"Simu yako imelia mpaka imechoka," mke wangu ananiambia. "Huyo mwenzio wa Kilandi."

Nikapiga. Ndahani hakunisalimu.

"Mtani, mlinzi wa uwanja kaniita asubuhi hii. Pale duara la kati nyasi zimelala. Umbo la mtu mnene, kakunja mikono kama maiti. Ni nani huyo?"

Nikalitazama tumbo langu. "Sijui."

"Humjui?"

"Simjui."

Nikasikia anavuta kamasi.

"Basi mwambie huyo usiyemjua kwamba nimewagomea watu wa ligi. Nimewaambia bila Makweta sisaini. Wametuachia Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Na safari hii akilala, tunamfukia."

"Mtamfukia nyie?" nikamwambia. "Wakulima gani, hata mchicha umewashinda!"