Sakafu ya Toader

Tangu tumzike mume wangu Toader, sisikii kitu. Si njaa, si baridi. Mikono inafanya kazi, nami naitazama kama ya jirani.

Jumamosi mwanangu Gruia akaja na mifuko ya simenti.

"Mama, wiki ijayo watu wanakuja kwa arobaini ya baba. Na sakafu yenyewe ya udongo! Watatucheka."

"Fanya utakavyo," nikamwambia.

Katikati ya chumba palikuwa na vishimo vinne, alama za miguu ya benchi lililobeba jeneza. Sakafu hiyo ilipigwa na kijiji kizima mwaka tuliooana. Mpiga fidla alisimama mlangoni, nasi tukacheza peku, mimi na Toader katikati, mpaka udongo ukashikana.

Gruia akanyanyua sururu.

"Baba, ngoja!" Huyo ni Ruxanda, bintiye, anayesomea lugha chuoni, mjini Iași. Alikuwa akimenya viazi. "Bibi, kitendawili!"

"Tega." Nilijibu kwa mazoea tu.

"Amezaliwa ndani, amezeekea shambani."

"Nimeshindwa. Chukua mji wa Suceava."

"Pământ! Udongo wetu huu. Warumi waliposema pavire walimaanisha kupiga, kushindilia. Sakafu iliyoshindiliwa wakaiita pavimentum. Neno likatufikia sisi likawa pământ, likatoka nje ya nyumba, likawa udongo wote, wa shamba na wa makaburini."

"Kumbe nakulipia chuo usomee matope," Gruia akamtania.

"Matope uliyotambalia wewe, baba!"

Mimi nilikuwa natazama vile vishimo.

"Kwa hiyo alipolala babu yako na hapa niliposimama mimi, ni neno moja?"

"Moja, Bibi. Na lilianzia hapa ndani."

Nikasema, "Gruia, weka sururu chini. Simenti kajengee banda la nguruwe."

"Mama! Na watu je?"

"Watu si ndio walioipiga?"

Akaguna, kisha akakunja suruali. Tukachanganya udongo, makapi na mavi ya farasi, nami nikapiga magoti nikasiriba kwa kiganja, kuanzia dirishani. Nilipofika kwenye vishimo, Gruia akageuza uso. Nikavijaza kimoja kimoja.

Machozi hayakuja. Ila udongo ulikuwa baridi. Niliusikia.