Piko Kichwani kwa Thadeus

Thadeus alipaka nywele zake piko Jumamosi, na kufikia Jumatatu landhi nzima, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Voi, ilikuwa imeshajua. Piko ni kama mimba: wewe unaweza kunyamaza, yenyewe hainyamazi. Karatasi ya kwenye kopo ilisema upake kidogo nyuma ya sikio kwanza, ungoje siku nzima uone kama ngozi itakataa. Thadeus alingoja muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nywele zikatoka nyeusi kama masizi ya chungu, na masikio nayo vivyo hivyo.

"Umezaliwa upya, baba," mkewe Wakesho akamwambia, wala hacheki. "Sasa sijui nikupikie au nikunyonyeshe."

"Pika, mwanamke. Huo mdomo upulizie moto."

Hakupaka kwa urembo. Stesheni masta mpya alikuwa anawapunguza wazee, na kwa kuwa wafanyakazi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, alipita akitazama vichwa. Mwenye mvi, nyumbani. Thadeus alisimama mbele yake kofia mkononi, akatazamwa, akaambiwa arudi kazini akageuzie treni njia. Aliyenuna ni Khaemba, jirani yake wa ukuta mmoja, ambaye alikuwa ameshamwandikia mdogo wake huko Bungoma aje kuichukua nafasi ya Thadeus.

"Punda akizeeka, hata umpake rangi, meno ndiyo husema umri," Khaemba akasema pale bombani, makusudi watu wasikie.

"Ya kwako yatasemea sakafuni," Thadeus akamjibu, akajaza debe lake.

Hapo angekuwa ameshinda, kama si Mwandawiro, ndugu yake wa baba mmoja. Huyo alikuwa amelivamia shamba la mama yake Thadeus, huko milimani juu ya Mwatate, akapanda mahindi hadi juu ya kaburi la mama mwenyewe. Wazee wa baraza walikuwa wameipanga kesi iwe baada ya mavuno. Ghafla wakaileta wiki ileile. Na shahidi aliyebaki hai ni Thadeus peke yake: mwaka wa vita vya Wajerumani baba yao alizika mawe ya mpaka, na kwa kila jiwe alimzaba Thadeus kofi ili asisahau. Mwandawiro alikuwa bado hajazaliwa.

Kesi ilisikilizwa palepale shambani. Mwandawiro alimtazama kaka yake kutoka unyayo hadi utosi, akatabasamu kama fisi aliyenusa matanga.

"Wazee wangu, huyu ndiye shahidi? Kijana huyu? Mtazameni nywele! Mimi mdogo wake nimeshaota mvi. Au mama yake alimzaa mara mbili?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti wa baraza, mzee aliyetoka bonde la pili na asiyeijua nyumba hiyo, hakucheka.

"Ulikuwa na umri gani mawe yakizikwa?"

Thadeus akafungua kinywa. Ndipo akamwona Khaemba nyuma ya watu, amevaa koti la Jumapili, shingo ameirefusha kama twiga. Mwandawiro ndiye aliyemwalika. Maadui wa mtu mmoja hujuana upesi kuliko wapenzi. Thadeus akisema umri wake, kazi imekwenda Bungoma. Asiposema, mama yake atalala chini ya mahindi ya mtu.

"Sema basi, kijana," Mwandawiro akamhimiza. "Au bado una titi kinywani?"

Thadeus akaweka kofia chini. Akafungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, mpaka kitovuni. Kichwani alikuwa mkaa. Kifuani alikuwa kondoo. Mvi tupu, nyeupe pe.

"Piko iliishia kichwani," akasema. "Mwaka ule nilikuwa nimeshaanza kuota ndevu, na makofi ya baba yananiwasha hadi leo. Chimbeni hapo anapokanyaga mwizi huyu."

Wakachimba. Jembe likagonga jiwe, ngaa! Mwandawiro akaruka pembeni kama aliyekanyaga siafu, na wazee wakamwamuru ang'oe mahindi yake kabla jua halijazama. Khaemba hakungoja hukumu. Alikuwa ameshashika njia ya Voi, koti likipepea.

Wiki iliyofuata stesheni masta alimwita Thadeus, na bila hata salamu akamwambia afungue shati.

Siku ya kuhama, Wakesho alikuwa akifunga godoro kwa kamba, na Khaemba amesimama mlangoni, anakipima chumba kwa macho.

"Nenda salama, babu."

Thadeus akatoa kopo la piko mfukoni, limebaki robo, akamtupia miguuni.

"Hilo usimpe mdogo wako, jiwekee mwenyewe. Stesheni masta hajamaliza kutazama vichwa, na huko kisogoni kwako naona kumeanza kupambazuka."

Akajitwika godoro, akapita. Khaemba alimsindikiza kwa tusi, lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kisogoni, unapapasa.