Stakabadhi ya Sauti Moja

Jumatatu saa nne asubuhi, mtangazaji alikuwa akishona kifungo cha koti lake la kusomea habari, karani wa mamlaka ya utangazaji akabisha hodi, mkononi ana bahasha ya kaki. Kituo chake cha televisheni kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la magodoro, na wafanyakazi walikuwa wawili: yeye, na mpiga picha aliyeitwa Miguu Mitatu kwa kuwa hakuwahi kuachana na stendi ya kamera.

Karani hakuwa mgeni. Aliwahi kuleta barua ya onyo, kisha amri ya kufungia leseni kwa mwezi mzima, kisha akaja na gari kuchukua kamera kubwa kwa ukaguzi usiokwisha. Yote hayo tangu mtangazaji aanze kuuliza, kila jioni saa moja, pampu nne za maji za wodi ya wazazi zimekwenda wapi. Safari hii karani aliomba radhi, akasema ametumwa kuchukua sauti.

"Yote?" aliuliza mtangazaji.

"Yote, dada. Mjumbe hauawi."

Mtangazaji akakohoa mara mbili, sauti ikaingia kwenye bahasha. Karani akalamba gundi, akafunga, akaandika stakabadhi: sauti moja, ya kike, hali nzuri.

Nyumbani, mama yake aliisoma ile stakabadhi, akasema angalau sasa binti yake atakula chakula kingali moto. Mtangazaji alicheka kimya kimya. Lakini ilipofika saa moja midomo yake ilianza kucheza yenyewe.

Kule ofisini, bahasha ilifungiwa kabatini kwenye chumba cha majalada. Saa moja kamili ikaanza kusoma habari. Kwa kuwa humo ndani hamkuwa na habari za nje, ilisoma zilizokuwemo kwenye majalada. Pampu nne zilipokelewa hapa kwa ukaguzi, zikiwa nzima. Mbili zinamwagilia bustani ya mkurugenzi wa mamlaka, na mbili ziko kwa shemeji yake, anakoosha magari. Mfagiaji aliyekuwa akipita aliegemeza ufagio ukutani, akasikiliza mpaka mwisho. Jumatano makarani saba walichelewa kwenda nyumbani. Alhamisi, kwa vile joto lilikuwa kali na madirisha yako wazi, watu walikuja na vigoda vyao, wakajipanga nje ya ua.

Mkurugenzi aliamuru bahasha ihamishiwe kwenye chumba cha sefu, chini kabisa ya jengo. Huko sauti ikapata mwangwi, na mlinzi akasema sasa ndiyo imekuwa ya kituo kikubwa.

Ijumaa mtangazaji alikwenda na mama yake. Watu wakasogea kuwapisha. Alisimama akajisikiliza mwenyewe kwa mara ya kwanza bila kazi ya kufanya, huku Miguu Mitatu akilipiga picha jengo kwa simu.

"Unakimbia mno kwenye tarakimu," mama yake alimwambia. "Vuta pumzi, mwanangu."

Alitikisa kichwa kukubali.

Wiki iliyofuata mkurugenzi alimwita, akamsogezea bahasha mezani, akamwambia achukue chake aende zake. Mtangazaji aliomba kalamu. Aliandika: "Iacheni hapahapa. Ina vyanzo vizuri kuliko nilivyowahi kupata."

Mkurugenzi alisoma mara mbili, akamuuliza karani sheria inasemaje. Karani alifunua kanuni bila haraka. Mali ambayo mwenyewe hajaichukua hubaki chini ya uangalizi wa ofisi, na ni marufuku kuiharibu.

Basi ikawa hivyo. Saa moja kasorobo mlinzi hufungua geti, na mtangazaji hupenyeza maswali yake chini ya mlango wa sefu, yameandikwa kwa herufi kubwa. Mkurugenzi alipandishwa cheo. Sauti ikalitangaza hilo pia. Bustani yake imestawi kweli.

Jioni moja mama wa makamo, akielekea wodi ya wazazi, alitua ndoo zake mbili za maji kando ya ua. Alisikiliza mpaka utabiri wa hali ya hewa, ambao sauti huukisia tu, akacheka na wenzake. Kisha akajitwika ndoo moja, nyingine akaishika mkononi, akaongeza mwendo, maana binti yake alikuwa ameshashikwa na uchungu.