Hirizi ya Moyo Mzima

Safina aligombana na mengi katika ndoa yake, lakini karatasi ndiyo iliyomshinda. Mumewe Gharibu, mkata boriti za mikoko wa kijiji cha Salale, kila akijitwika mzigo kifua kilimbana mpaka akae chini, akipumzika, kinaachia. Ndipo Safina alipomburuta hadi Kibiti, kwenye zahanati ya Daktari Zaidi, mojawapo ya zile zilizochipuka tangu watu binafsi waruhusiwe kufungua. Gharibu akalazwa, akabandikwa nyaya, mashine ikatema karatasi ya mapigo ya moyo.

"Hapa sioni kasoro," akasema daktari. "Lakini, mzee, usije ukadhani..."

Gharibu hakuingoja hiyo lakini. Salale nzima ilioneshwa karatasi, hata wasiojua kusoma wakaisoma. Kisha Mwalimu Mshamu, mtengeneza hirizi wa kijijini, akaikunja, akaishonea ngozi, ikawa hirizi kifuani.

"Baba Binti, kifua bado chakubana. Nakuona," alisema Safina. Aliogopa ujane, wala hakuona haya kuogopa.

"Ala! Wewe wajua kuliko mashine?"

Akarudi kwenye mikoko yake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mpunga ulipovunwa, Gharibu akaamua kumpelekea daktari shukrani: gunia la mchele mpya. Waliposhuka Kibiti, Safina akaita mkokoteni. Gharibu akaufukuza. Mwenye hirizi kama ile akokotewe mchele? Akajitwika, akatembea kwa maringo ya bwana harusi. Penye ngazi za zahanati gunia likaanguka huku naye kule, mkono umeikamata hirizi, jasho linamtiririka.

Daktari akambandika nyaya maumivu yakiwa bado kifuani. Safari hii aliiona kasoro kwenye karatasi, akamtia upesi kidonge chini ya ulimi.

"Nilitaka kukwambia siku ile," alisema. "Nilikupima umelala, na moyo uliopumzika huenda usioneshe kitu. Karatasi safi haimaanishi huna ugonjwa. Ukijitwika mzigo, moyo wako haupati damu ya kutosha. Boriti basi, mzee."

Safina akalia wazi, mbele ya wagonjwa wote. Kifua kilipoachia, Gharibu akafumbua jicho moja.

"Daktari, nipe na hiyo. Nitaishonea upande wa pili."

Safina akaiwahi. "Hii naivaa mimi. Na siku ukigusa boriti, Salale nzima nitaisomea."

Gharibu akamtazama yale machozi. Akaivua hirizi yake taratibu, akampa nayo.